Sura ya Nne: Meno ya Cherehani

Mama aliinama, akafumba jicho la kushoto, la kulia akalisogeza hadi kwenye upenyo wa pipa jeusi lililo wazi juu, pana kama sufuria ya pilau ya watu sita. Nikalisukuma, likazunguka.

“Anaruka kamba,” alisema. “Huyu msichana. Na haimkwazi hata mara moja.”

Pipa likaanza kuchoka. Kamba ikasitasita, msichana akakatikakatika, mwishowe pipa likasimama. Mama akainua kichwa, akachungulia kwa juu, akauona ukanda wa karatasi uliozungushwa ndani.

“Kumbe ni wengi,” alisema. “Mimi nilidhani ni mmoja.”

Sijasikia mtu akilieleza fumbo lote la sinema kwa maneno machache kuliko hayo. Kwenye ule ukanda hapakuwa na msichana aliyeruka. Palikuwa na wasichana 12, wote wamesimama tuli, kila mmoja kamba yake imechorwa mbele kidogo ya kamba ya mwenzake aliyemtangulia. Yule aliyeruka hakuna aliyemchora. Ni wa 13, na sura hii ni ya kumtafuta.

Tulikuwa Torino, kaskazini mwa Italia, ndani ya jengo ambalo Mama alikuwa ameshinda nalo mkobani wiki nzima pasipo kujua. Mdogo wangu anaishi huko na mumewe, na siku ya kwanza alimpa Mama chenji za shaba. Senti 2 za Italia zina picha ya Mole Antonelliana: kuba la pande nne linalopanda kama hema lililovutwa katikati, na juu yake mnara mwembamba mithili ya sindano. Waliolianza ni Wayahudi wa jiji hilo, mwaka 1863, liwe sinagogi lao. Msanifu wao, Alessandro Antonelli, kila akirudi kwenye michoro aliongeza kimo, na kimo kikipanda gharama nazo zinapanda, hata wenyewe wakashindwa na jiji likalichukua. Antonelli alifariki mwaka 1888, jengo likakamilika mwaka uliofuata. Lina mita 167 na nusu. Mwaka 1953 dhoruba iling'oa mita 47 za mnara wake, zikajengwa upya. Na tangu mwaka 2000 ndani yake mna Makumbusho ya Taifa ya Sinema.

Kimo ni cha Antonelli, lakini vitu vilivyomo vina mama yao, na nataka atajwe kabla sijaendelea. Maria Adriana Prolo alikuwa mwanahistoria. Mwaka 1941, Italia ikiwa vitani, aliandika kwenye shajara yake kwamba amewazia makumbusho ya sinema. Akaanza kuokota. Alizunguka kwenye masoko ya vitu vikuukuu akinunua kamera, mabango, na taa za kurushia picha zilizochorwa kwenye vioo, vitu ambavyo wakati huo watu waliviona takataka za stoo. Makumbusho yake ya kwanza yalifunguliwa mwaka 1958 katika jengo jingine la jiji hilohilo. Alifariki mwaka 1991, miaka tisa kabla vitu vyake havijahamia chini ya lile kuba. Kila kitu tulichokishika siku ile, chenyewe au nakala yake, tulikishika kwa sababu yeye hakukubali kitupwe.

Naam, tulishika. Vyombo vya asili viko nyuma ya vioo, lakini pembeni kuna vya kuzungusha, vya kuchungulia, vya kuvuta kamba. Ziara inaanzia kwenye vivuli. Palipo na taa na ukuta mweupe, Mama bila kuambiwa na mtu aliunganisha viganja, akanyanyua kidole gumba, akatoa mbwa anayebweka, mbwa yuleyule aliyetutolea sisi ukutani kwa mwanga wa koroboi. Watoto wa shule waliokuwa nyuma yetu walimzunguka. Tulikaa hapo robo saa.

Baada ya vivuli vinafuata vitu vya kuchezea vya karne ya 19, na hapo ndipo nilipotaka tufike. Cha kwanza ni kidogo kuliko kisahani cha kahawa: thaumatropu, iliyoanza kuuzwa London miaka ya 1820. Ni duara la karatasi ngumu lenye uzi huku na huku. Upande mmoja amechorwa ndege, upande wa pili tundu. Ukisokota nyuzi kwa vidole, ndege anaonekana yumo tunduni.

Kisa cha ndege huyu kinaelezeka kirahisi. Jicho halisahau papo hapo. Mwanga ukishapiga nyuma ya jicho, athari yake hubaki kidogo hata mwanga ukiondoka, kama vile ukizungusha kijinga cha moto gizani unaona duara la moto. Ndege hajafutika, tundu limefika, vinalaliana. Kwa miaka mingi vitabu vimeichukua habari hiyo ya ndege na kuitumia kueleza sinema nzima: jicho hushikilia picha, picha inayofuata huikuta iliyotangulia bado ipo, zinaungana, tunaona mwendo. Nilifundishwa hivyo, na nikaamini hadi nilipokuwa mtu mzima.

Lakini turudi kwa msichana wa kamba. Kama kazi ingekuwa ya jicho kushikilia tu, basi wasichana 12 wangelaliana kama ndege na tundu, na kamba zao 12 zingefanana na jarife. Tungeona furushi. Tena furushi hilo lipo, mtu akitaka kuliona. Nilimwambia Mama atazame kwa juu ya ukingo wa pipa badala ya kupitia upenyo, nikalizungusha tena. Aliona mfifio wa kijivu, kama maji ya kufulia. Hiyo ndiyo kazi ya jicho linaloshikilia. Aliporudisha jicho kwenye upenyo, msichana naye akarudi, safi, anaruka.

Kwa hiyo siri iko kwenye upenyo, na upenyo hauongezi kitu. Unapunguza. Baina ya upenyo na upenyo kuna ukuta mweusi wa pipa unaokatisha mbele ya jicho, kwa hiyo kila msichana anaonekana kwa nukta fupi mno, fupi kiasi cha kutowahi kusogea, kisha giza, kisha anakuja mwenzake. Jicho linapokea picha tuli, giza, picha tuli, giza. Nani basi anaruka?

Aliyelitambua jambo hili la upenyo na kulifanyia chombo ni Mbelgiji Joseph Plateau. Mwaka 1832 alikata duara, akalitoboa nyufa ukingoni, akachora mchezangoma katika mikao 16, kisha akasimama mbele ya kioo cha kujitazamia na kulizungusha duara akichungulia kwenye nyufa. Chombo hicho kikaja kuitwa fenakistiskopu. Wakati huohuo kule Vienna, Simon Stampfer alitengeneza kinachofanana nacho bila wao kujuana. Pipa tulilochezea mimi na Mama, zoetropu, lilibuniwa mwaka 1834 na Mwingereza William George Horner kwa kufuata wazo hilohilo. Faida yake ni kwamba watu kadhaa wanaweza kulizunguka na kuchungulia pamoja.

Plateau ananigusa moyo. Mwaka 1829, kwa ajili ya utafiti wake kuhusu macho, alilitazama jua la adhuhuri kwa sekunde 25 hivi. Kufikia mwaka 1843 alikuwa kipofu. Kwa muda mrefu ilisemwa kuwa ni jua lile lililomlipiza. Siku hizi wapo wanaoona kwamba chanzo ni ugonjwa wa macho uliomwandama. Aliishi gizani miaka 40, na katika miaka hiyo aliendelea na sayansi: alibuni majaribio ya mapovu ya sabuni na utando wa maji, jamaa zake wakayafanya mezani na kumweleza wanachokiona, yeye akatoa kanuni. Mtu aliyewapa wengine picha zinazotembea alimaliza umri wake akitazama kwa macho ya mkewe, mwanawe na mkwewe.

Jibu la swali letu lilichelewa hadi mwaka 1912, na halikutoka kwa watu wa sinema. Max Wertheimer, mwanasaikolojia, alifanya majaribio Frankfurt akianza na chombo cha kuchezea cha aina hiihii. Aliondoa wachezangoma na kamba, akabakiza mistari miwili tu. Mmoja unawaka na kuzima hapa, wa pili unawaka na kuzima pale. Muda baina yao ukiwa mrefu, kama sehemu moja ya tano ya sekunde, mtu anaona mistari miwili, mmoja baada ya mwenziwe. Ukiwa mfupi sana anaiona yote imewaka kwa pamoja. Lakini katikati, kwenye takriban milisekunde 60, anaona mstari mmoja unaohama kutoka hapa kwenda pale. Anauona ukipita mahali ambapo hapakuwaka kitu chochote.

Hili nililieleza kwa taa za arusi, na Mama akanielewa kabla sijamaliza. Zile taa ndogo za rangi zinazokimbizana mlangoni mwa ukumbi, au zinazouzunguka ubao wa duka la simu: hakuna taa hata moja inayokimbia. Kila moja imefungwa kwa waya pale ilipo, inawaka na kuzima. Mbio zile ni zetu sisi tunaotazama.

Kiswahili kina neno kiinimacho, na nimelipenda tangu utotoni, tangu siku za wacheza mazingaombwe waliokuja kutoa njiwa kwenye kofia uwanjani kwetu Tanga. Neno linasema kwamba kilichochezewa ni kiini cha jicho. Wazee walioliunda walijua jambo kubwa, kwamba kasoro haiko kwenye njiwa wala kwenye kofia, iko kwa mtazamaji. Bado nalitumia na sina nia ya kuliacha. Ila kwa habari ya mwendo, jicho halina hatia. Jicho limepeleka taarifa sahihi kabisa: tuli, giza, tuli, giza. Aliyeunganisha ni ubongo, ambao una sehemu maalumu kwa kazi ya kutambua mwendo. Sehemu hiyo ikipewa kitu hapa kisha kitu kama hicho hatua ndogo pembeni, ndani ya muda ufaao, hutamka “kimesogea”. Haina njia ya kutofautisha chui aliyevuka kichakani na mistari miwili ya Wertheimer. Nami naona ni kheri iwe hivyo. Mababu zetu waliongoja ushahidi kamili wa chui hawakuacha wajukuu.

Chumba kinachofuata kina praksinoskopu ya Émile Reynaud, Mfaransa, ya mwaka 1877. Yeye aliondoa nyufa, akaweka vioo vidogo katikati ya pipa, na picha zikang'aa kwa mara ya kwanza; upenyo hula mwanga mwingi. Kisha akatengeneza mtambo mkubwa zaidi wenye ukanda mrefu, akawa anachora na kupaka rangi kila picha kwa mkono wake. Tarehe 28 Oktoba 1892, katika Musée Grévin mjini Paris, alianza kuonyesha hadithi fupi ukutani kwa watu waliolipa kiingilio. Moja yao ilikuwa na picha 500, naye aliuendesha ukanda mwenyewe, akiurudisha nyuma na mbele ili kichekesho kirefuke. Kufikia mwaka 1900 watu zaidi ya 500,000 walikuwa wameyaona maonyesho yake. Lakini sinema ya kupigwa kwa kamera ilikuwa imeshaingia, inatengenezwa kwa siku moja mahali ambapo yeye alihitaji miezi. Katika miaka yake ya mwisho alivunja mitambo yake na kutupa kanda karibu zote katika mto Seine. Zimebaki mbili. Alifariki mwaka 1918. Mbele ya praksinoskopu ile ndogo, yenye picha za mtoto anayelishwa na vioo vyake vinavyometameta, nilishindwa kusema neno, na Mama hakuniuliza.

Muybridge na farasi wake nitampitia haraka, maana anasimuliwa kila mahali: California, mwaka 1878, kamera 12 zikiwa zimepangwa kando ya njia ya mbio, na uthibitisho kwamba farasi akienda shoti kuna wakati kwato zote nne ziko hewani. Mimi nampenda zaidi Étienne-Jules Marey, daktari, aliyetengeneza mwaka 1882 bunduki ya kupiga picha 12 kwa sekunde na kuwalenga ndege wanaoruka, nao wakaenda zao salama. Lakini hawa wawili walikuwa wakienda upande mwingine. Walitaka kuukatakata mwendo ili wautazame ukiwa umesimama. Kazi ya kuurudisha uhai iliwangoja wengine.

Basi tukafika kwa ndugu wa Lumière. Sinematografu yao ni kisanduku cha mbao chenye mpini, kinachoingia kwenye kikapu cha sokoni. Kilipiga picha, kilisafisha nakala na kilizirusha ukutani. Nilianza kumweleza Mama tatizo lao. Ukanda wa filamu ukipita mbele ya taa mfululizo, kama maji ya bomba, ukutani utaona ule mfifio wa kijivu. Lazima kila picha isimame kabisa, imulikwe, kisha iondoke gizani impishe mwenzake. Isimame tena. Mara 16 kila sekunde, na ukanda usikatike.

“Unashika, unavuta, unaachia,” alisema Mama.

“Ndiyo. Kulikuwa na kucha mbili za chuma. Zinaingia kwenye matundu ya pembeni mwa filamu, zinaivuta chini picha moja, zinachomoka, zinapanda juu patupu. Filamu imetulia hapo.”

“Ni meno ya cherehani hayo, mwanangu.”

Mama alishona miaka 38 kwenye baraza yetu, kwa Singer ya miguu iliyonunuliwa kabla sijazaliwa. Nimekulia chini ya meza yake, nikiokota vipande vya khanga na vifungo, na ninaijua sauti ya pedeli kuliko sauti ya redio. Ukifungua kibati kilicho chini ya sindano utayaona meno: vipande viwili vya chuma vyenye makali kama msumeno mdogo. Sindano ikiwa juu, meno yanachomoza, yanauma nguo kwa chini, yanaisukuma nyuma hatua ya mshono mmoja, kisha yanazama na kurudi mbele kwa siri, chini kwa chini, bila kuigusa. Hapo nguo imesimama. Hapo ndipo sindano inaposhuka. Alinifundisha hili kwa kunizuia mkono, maana mwanafunzi daima anataka kuvuta nguo imalizike haraka. “Iache yenyewe. Nguo ikitembea sindano imo ndani, umevunja sindano.” Sindano nilizovunja zilijaa kwenye kopo la maziwa.

Na Mama alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Louis Lumière alikesha usiku mmoja mwishoni mwa mwaka 1894, hajisikii vizuri, na kulipopambazuka alikuwa ameshaupata mtambo wake: alimweleza nduguye Auguste kwamba ukanda utavutwa kwa mwendo unaofanana na wa cherehani. Hataza waliipata Februari 1895. Tarehe 28 Desemba mwaka huo, katika chumba cha chini cha Grand Café mjini Paris, watu 33 walilipa faranga moja kila mmoja, wakatazama filamu 10, kila moja kama sekunde 50. Mahesabu ya kuonyesha sinema duniani huanzia hapo. Nilipomwambia Mama, alicheka kwa kifua chote, mlinzi wa chumba akageuka kututazama. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: wakati meno yanavuta, taa inafanya nini?

Inazibwa. Mbele yake huzunguka kibati cha duara kilichokatwa vipande, nacho huficha mwanga kila picha inapohama, la sivyo tungeuona mvuto wenyewe. Filamu za miaka yetu zilikwenda picha 24 kwa sekunde, na kibati kikakatisha mwanga mara moja zaidi katikati ya kila picha, ziwe mimweko 48, kwa kuwa mimweko 24 hukera macho. Jumlisha vipindi vyote vya kuzibwa: katika kila sekunde, ukuta ulikuwa na giza karibu nusu ya muda. Mama aliwahi kuniambia kuwa ujanani alitazama filamu za Kihindi Tanga mjini, za saa tatu, akalia mwanzo mwisho. Zaidi ya saa moja ya zile tatu alikuwa amekaa mbele ya ukuta mweusi kabisa. Alilia vilevile. Projekta za kidijitali za leo hazina meno wala kibati, lakini bado zinatupa picha tuli moja baada ya nyingine, na bado tunajaza wenyewe.

Ukumbi mkubwa ulio chini ya kuba, pale ambapo sala zingesaliwa, umepangwa viti vyekundu vya kulala chali. Unalaza mgongo, unaweka kichwa karibu na spika, unatazama. Tukajilaza. Pembeni anakaa Moloki, sanamu la kutisha lenye domo wazi linalotoka kwenye Cabiria, filamu iliyotengenezwa mjini humo mwaka 1914. Mama alimpa jicho moja, akafunga mkoba wake vizuri, akageukia upande wa pili.

Usiku ule, nyumbani kwa mdogo wangu, nilimsimulia habari ya mwisho, ambayo haimo kwenye makumbusho yale. Mwaka 1983 madaktari wa Munich walichapisha taarifa za mwanamke ambaye damu iliganda katika mishipa ya ubongo wake, ikamharibia sehemu ile ya kutambua mwendo, kushoto na kulia. Macho yake yalikuwa mazima. Aliona rangi, aliona sura za watu, alisoma. Kilichopotea ni mwendo peke yake. Watu chumbani mara walikuwa hapa, mara wako kule, hakuwaona wakienda. Gari lililokuwa mbali ghafla lilikuwa karibu, hivyo aliogopa kuvuka barabara. Na chai ilimshinda kumimina. Aliiona imeganda hewani kama barafu kutoka kwenye birika, asione ikipanda kikombeni, asijue wakati wa kuacha.

Mama alinyamaza kidogo.

“Maskini,” alisema. “Yeye kabakiwa na wale kumi na wawili tu.”

Mdogo wangu aliuliza kumi na wawili gani, hakujibiwa. Mama alikuwa ameshaivuta birika. Alimimina kwa juu, kama anavyomimina siku zote, mkono ukipanda na uzi wa chai ukirefuka, akageuka kumwambia mjukuu wake asogeze sukari, na chai ikakoma kidole kimoja chini ya ukingo.